Siku Bibi Alipomgombea Babu Mbele ya Mpiga Picha

Harufu ya sabuni ya mche hunirudisha Newala mpaka leo, kwenye asubuhi ile tuliyopigwa picha. Sisemi hizi sabuni zenu za kunukia maua. Nasema ile ya kufulia, kipande kigumu ambacho Mama alinisugua nacho hadi masikio yakawaka moto. Na ninyi mnaofungua bomba tu, jueni kwamba maji yetu wakati ule tuliyateremkia bondeni kwa miguu na kupanda nayo kichwani. Kummwagia mtungi mzima mtoto asiyeumwa wala asiyekwenda kubatizwa lilikuwa jambo la kusemwa kijiji kizima, nami nilijiona bibi harusi.

Sababu ya yote hayo ni Baba. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa kaptula iliyopigwa pasi na maneno machache. Alikuwa amemwita mpiga picha aliyepanda kutoka Lindi na lori la korosho, aje atupige picha ya nyumba nzima, moja tu. Tayari alishaipanga kichwani kama alivyowapanga wanafunzi mstarini: Babu na Bibi vitini, yeye na Mama nyuma yao, mimi mkekani, na wote tumefunga midomo. Enzi hizo kucheka pichani kulikuwa kukosa adabu.

Kwenye midomo ndipo palipozuka neno. Bibi, mama yake Baba, alivaa ndonya, kile kipande cha mviringo cha mpingo ambacho wanawake wa Kimakonde wa rika lake walikivaa kwenye mdomo wa juu tangu usichana wao. Kwake lilikuwa pambo, kama hereni. Baba akamwomba kwa sauti ya chini ajifunike mdomo kwa ncha ya kanga wakati wa picha. Bibi hakugomba. Alimtazama mwanawe, akasema basi picha ni yenu, akaingia jikoni na kuanza kusonga ugali ambao hakuna aliyeuomba.

Jamani, uwanja ulipoa. Babu alibaki peke yake na kiti kitupu ubavuni. Mpiga picha akalitazama jua, akaitazama barabara, akasema lori halitamsubiri. Mama asingeweza kufungua kinywa, maana mama mkwe kwake alikuwa mtu wa kuinamishiwa macho. Baba naye alishasema, na kumeza neno lake mbele ya mgeni hakuweza. Mimi roho iliniuma kwelikweli. Picha moja tu, na Bibi yangu asiwemo!

Sasa, kwetu mjukuu na bibi ni watani. Babu aliniita mke wake mdogo tangu sijajua kutembea, kwa hiyo mimi na Bibi tulikuwa wake wenza, na kila siku iliyokwenda kwa Mungu tulimgombea mume yuleyule mwenye mapengo. Bibi akikasirika, mtu mzima alikaa mbali naye. Mke mwenza alikuwa na ruhusa ya kusema lolote.

Nikajifunga kanga ya Mama kifuani, nikaketi kwenye kiti cha Bibi, nikaukumbatia mkono wa Babu na kupaza sauti kuelekea jikoni.

"Wewe kizee, kaa hukohuko na ugali wako! Mwenye mume ni mimi, na leo napigwa naye picha."

Kisha nikachukua kipande cha gunzi la mahindi, nikakibana chini ya mdomo wa juu mpaka ukabenuka kama wake. Baba akafumba macho. Fimbo yake niliifahamu, nikazidi kuukaza mkono wa Babu.

Bibi alitoka na mwiko juu, unadondosha ugali, ndonya yake wazi kabisa, akinimwagia matusi ya utani ambayo siwezi kuyaandika hapa. Babu akainua mikono akiwasihi wake zake wasimuue. Bibi alipoliona lile gunzi alisimama ghafla, nikadhani nimevuka mpaka. Mara akaangua kicheko, akaja kunikalia mapajani kwa uzito wake wote ili anitoe kitini. Mama alijisahau akacheka mbele ya mkwewe. Mpiga picha, Mungu amrehemu, hakungoja ruhusa ya mwalimu.

Picha ililetwa na lori jingine, wiki nyingi baadaye. Mwiko umekuwa ukungu, kichwa changu kinachungulia kwapani mwa Bibi, na nyuma kabisa ni Baba mwenyewe, kaachama hadi magego yanaonekana. Aliishika muda mrefu sana. Niliamini ataizika sandukuni. Akainuka kutafuta msumari, akaitundika mkabala na mlango.

Basi akaja mkaguzi wa shule, Mzungu, akanywa chai kwetu. Aliitazama picha ile, akauliza kwa upole yule mwanamke wa mdomo ni nani, labda ni mpishi. Baba akasimama.

"Ni mama yangu," akasema. "Hapo anamgombea baba yangu, na alimpata."

Utotoni nilidhani Baba alimwonea mama yake aibu. Nimezeeka ndipo nikaelewa kwamba alichokiogopa ni swali lile, aulizwe na mtu mkubwa, naye akose la kujibu. Siku ile jibu lilimtoka bila kutafutwa, nami nikaona mabega yake yanapanda.

Bibi alikuwa nyuma ya ukuta na alisikia yote. Akaingia bila kujifunika, akaipokea shikamoo ya mkaguzi kwa marahaba ndefu, akavuta kigoda na kuketi chini ya picha yake, ili mgeni afananishe vizuri.