Maprofesa Kwenye Spika ya Harusi

Kuna watu hapa mtaani kwetu Kasingirima mpaka leo wakiniona napita wanaweka ngumi mdomoni kama wameshika kipaza sauti na kuuliza, "Unaweza kujibu hapo ulipo?" na mimi nacheka, kwa sababu nisipocheka watarudia, lakini masikio yanapata moto kila mara. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, maana ikisimuliwa na Bi Mwajuma inakuwa ndefu na ndani yake mimi nakuwa nimezimia (sikuzimia, nilikaa chini tu).

Kwanza mnijue. Naitwa Zabibu, nimeishia kidato cha nne, matokeo yangu tusiyaongelee, na yote niliyoyajua baada ya hapo nimeyapata kwenye simu: masomo ya bure, vitabu vya bure, mihadhara ya watu ambao hawajui kama nipo duniani. Ni mtu wa wasiwasi mno. Ujumbe wa "nakuja" naweza kuuandika, nikaufuta, nikauandika tena, mpaka yule anayenisubiri akaondoka zake. Mtaani, kwa kuniona kila siku barazani nimeinamia simu na kalamu sikioni, wakaanza kuniita Profesa, na jina likazaa maneno, maneno yakazaa habari kwamba nasoma chuo kikuu cha mtandaoni. Sikusema mimi. Ila siku Bi Mwajuma, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, aliponiuliza, "Chuo kinaendaje, mwanangu?" nilimjibu, "Tunamshukuru Mungu." (Na kweli Mungu nilikuwa namshukuru, sema si kwa ajili ya chuo.)

Sasa nikaandika makala. Shangazi yangu anaishi Ilagala, na kule kuna mwalimu wa shule ya msingi ambaye baadhi ya wanafunzi wake huondoka na wazazi kwenda dagoni, zile kambi za wavuvi, samaki wanapohama. Mwalimu hakutaka kuwapoteza, akawa anatuma somo kwa ujumbe wa sauti kwenye simu ya mzazi, na mzazi naye anasimulia kwa sauti mtoto amefika wapi. Nilikaa kwa shangazi muda mrefu nikiwasikiliza wale wazazi, kwa ruhusa yao, na kilichonishika kuliko walichosema ni walichofuta. Baba anarekodi, anajisikiliza, anaguna, anafuta, anarekodi upya, na safari hii sentensi imenyooka. Nikajiambia, huyu anaandika! Hana kalamu wala karatasi, lakini ana rasimu. Nikayaandika hayo, nikayafuta, nikayaandika tena (mnanijua), nikayatuma kwa jarida moja la kitaaluma linalotoka mtandaoni, na pale wanapotaka jina la chuo chako nikapaacha wazi kama mtu anayeruka dimbwi.

Wakajibu! Wakasema kazi imewavutia, ila kabla ya kuichapa wanataka tuonane kwa video niitetee hoja yangu mbele ya wahariri. Wakiridhika inatoka, wasiporidhika ndiyo basi. Nataka mnielewe hapo. Sikuwahi katika maisha yangu kusomwa na mtu aliyesoma. Nilikuwa nimebakiza kikao kimoja tu.

Na kikao kikaangukia siku ya harusi ya Rukia, binti wa Bi Mwajuma.

Siku moja kabla ya harusi, wanawake wako uani wanachambua mchele na shughuli haina hata ngoma, Bi Mwajuma akaniita juu ya ukuta. "Profesa! Hebu njoo na simu yako utuwekee taarabu kwenye hili lispika. DJ kalileta kalitupa hapa, mwenyewe hajulikani aliko." Ilikuwa ile spika kubwa ya magurudumu, yenye taa za rangi rangi, inayoshika muziki wa simu bila waya na yenye kipaza sauti chake juu. Mtu mwingine angesema betri imekwisha. Mimi, ambaye nikisifiwa akili najaa kama chapati kwenye kikaango, nikaenda nikaunganisha simu yangu, taarabu ikalia, wakanishangilia, nikarudi nyumbani nimevimba kichwa. Kuunganisha nakumbuka vizuri kabisa. Kutenganisha, ndugu zangu, sikumbuki, kwa sababu sikutenganisha.

Asubuhi ya kikao nilijiandaa kama ninayeolewa ni mimi. Nyuma yangu ukuta niliousugua, juu ushungi mweupe na koti la kaka yangu, chini dera, maana kamera haishuki huko. Simu nikaiegemeza kwenye sufuria. Wifi yangu Asha, ambaye alikuwa anapaka hina wanawake wa harusi, akaingia na kibakuli chake.

"Wifi, lete miguu."

"Asha, nina kikao na maprofesa."

"Kwani miguu yako nayo inahojiwa?"

Nikaona ana hoja. Akanipaka hina mbichi miguu yote miwili, maua mpaka juu ya vifundo, akaniwekea kigoda nikapandisha miguu, akasema nisikanyage chini mpaka ikauke. Ndivyo nilivyoingia kwenye kikao cha kitaaluma, juu mhadhiri, chini mwali.

Walikuwa wawili. Mhariri mkuu, mama mtu mzima mwenye sauti ya utulivu, na daktari mmoja wa chuo, mvaa miwani, ambaye uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya sikukuu. "Shikamooni," nikasema. "Marahaba, Zabibu, karibu sana," akasema mama. Daktari akafungua mdomo aulize swali la kwanza, na hapo hapo sauti ikakatika. Midomo inacheza, sisikii kitu. Nikadhani mtandao (huku Kigoma, mwisho wa reli, mtandao ndiyo wa kwanza kulaumiwa). Nikaamua niwaandikie. Nikaandika, "Samahani, siwasikii." Nikaona samahani ni ya mtaani, nikaandika, "Naomba radhi, siwasikii." Nikaona kama nawalaumu wao, nikafuta yote. Nilikuwa bado natafuta sentensi isiyo na dosari wakati upande wa pili wa ukuta, ambako nilisikia mngurumo tu nikadhani ni muziki wa harusi, dunia ilikuwa inaharibika.

Maana DJ alikuwa amefika, akaiwasha spika. Na spika, kama mtu mwenye shukrani, ikaitafuta simu iliyoichezesha jana, ikaipata.

Ninayowaambia sasa nimehadithiwa, lakini mashahidi ni mtaa mzima. Katikati ya masufuria ya pilau ikatoka sauti nzito ya kiume, kila mtu mpaka barabarani anasikia: "Kabla hatujaendelea, Bi Zabibu, hapa pa chuo umepaacha wazi. Unatoka chuo gani?"

Miiko ikasimama. Bi Mwajuma akaifuata spika, akainamia kipaza sauti. "Nani wewe?"

"Sisi ni wahariri, mama. Tunazungumza na Bi Zabibu."

"Ahaa! Mtoto wetu huyo! Yule ni profesa, yuko chuo kikuu, tena kikubwa. Wachumba wote tumewarudisha kwa sababu ya masomo. Kama na nyinyi mmeleta posa, subirini kwanza tumalize hii ya Rukia."

Asha akaingia chumbani kwangu anahema. "Wifi! Maprofesa wako wako harusini!"

"Wako wapi?"

"Kwenye spika! Wanauliza chuo chako na Bi Mwajuma anawajibu!"

Sijui kama mmewahi kusikia damu yenu ikibadilisha njia. Nikanyakua simu, nikashuka kigodani, nikakumbuka hina, nikaanza kutembea kwa visigino, vidole juu, kama bata aliyekanyaga makaa, koti la kaka linapepea, na kamera muda wote huo iko wazi inawaonyesha wale wasomi mbingu, ukuta, pua yangu, banda la kuku la mama, pua yangu tena. Nikaingia uani kwa Bi Mwajuma. Watu wote, wenyeji na wageni waliotoka Kigoma mjini, wananitazama miguu.

"Huyo hapo kafika!" Bi Mwajuma akaiambia spika kwa fahari. "Mwulizeni wenyewe!"

Na sauti ya daktari ikatoka, kubwa kuliko adhana: "Bi Zabibu, tumeambiwa uko chuo kikuu. Ni sahihi?"

Hapo nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja, mpaka ile taarabu ya jana. Nikashusha macho kwenye simu. Kitufe cha kukata muungano na spika kiko pale, kidole changu kiko juu yake. Nikikibonyeza, spika inanyamaza. Maprofesa watabaki na jibu la Bi Mwajuma, mtaa utabaki na profesa wake, na mimi nitarudi chumbani kusema mtandao ulisumbua. Hakuna ambaye angejua. Naapa nilikitamani kile kitufe kuliko maji.

Lakini nilikuwa nimeandika makala nzima juu ya watu wanaojisikiliza, wakigundua hawakusema sawasawa wanafuta na kusema upya. Nikaona aibu ya kuwaandika watu hodari kunizidi. Nikaondoa kidole. Nikainamia kipaza sauti.

"Si sahihi, daktari. Sijasoma chuo chochote. Nimeishia kidato cha nne, mengine nimejifunzia kwenye simu hii hii. Mtaani wanaamini nasoma chuo kwa sababu waliponiuliza sikukataa."

Ndipo nikakaa chini, mchangani, na hina yangu (nawaambia sikuzimia).

"Hee!" Bi Mwajuma akashika kiuno. "Zabibu! Na zile 'tunamshukuru Mungu' zote?"

"Nisamehe, Bi Mwajuma."

"Wachumba tumewarudisha, mtoto wewe!"

Mhariri mkuu akakohoa kwenye spika. "Samahani wenye harusi. Zabibu, jarida letu haliombi cheti, linaomba hoja. Daktari ana swali moja la kweli. Unaweza kujibu hapo ulipo?"

Hapo nilipo! Nikasimama, nikafuta mchanga wa koti. "Naweza."

"Unasema anayerekodi ujumbe wa sauti anaandika," akasema daktari. "Mimi naona anaongea tu. Tofauti iko wapi?"

Na hapo, sijui ule wasiwasi wangu ulikwenda wapi, pengine ulibaki kule kwenye kigoda. "Anayeongea tu hawezi kurudi nyuma," nikasema. "Neno likitoka limetoka. Hawa wanarudi. Wanajisikiliza kwa sikio la atakayepokea, wanapima, wanachagua. Mimi nikiandika ninafanya hivyo hivyo, na hakuna anayesema naongea."

"Umeyaona Ilagala. Na kwingine?"

Nikatazama ua mzima. "Daktari, niruhusu niulize." Nikageuka. "Jamani, nani hapa amewahi kurekodi ujumbe wa sauti, akajisikiliza, akaufuta, akaanza upya?"

Mwiko mmoja ukapanda juu. Kisha ukapanda ungo. Kisha mikono, mikono, hata DJ. Dirishani kwa chumba cha ndani ikasikika sauti: "Mimi! Ule wa kumkubalia Idi nilifuta kutwa nzima!"

"Rukia, funga dirisha! Bibi harusi haonekani!" mama yake akamaka.

Akainuka Mzee Hamisi, baba wa bibi harusi, mtu asiyependa maneno mengi. "Mimi nilitaka shemeji anichangie mbuzi wa leo," akaiambia spika. "Nikarekodi, 'Naomba mbuzi.' Nikajisikia maskini, nikafuta. Nikasema, 'Nahitaji mbuzi.' Nikajisikia polisi, nikafuta. Mwisho nikasema, 'Shemeji, hivi mbuzi wako wanaendeleaje?' Akaleta wawili."

Spika ikatoa mlio wa ajabu, tukadhani imeungua. Ilikuwa daktari anacheka. Nikatazama kioo cha simu: lile duka limefunguliwa, miwani kaivua anafuta macho.

"Rasimu ya tatu," akasema akishapata pumzi. "Mheshimiwa mhariri, mimi nimeridhika."

"Na mimi," akasema mhariri mkuu. "Zabibu, makala yako inatoka. Ongeza na mbuzi, kama mzee ameridhia. Imebaki sehemu moja tu. Chini ya jina, wengine tunaandika chuo. Kwako tuandike nini?"

Sikuwahi kufika kwenye jibu. Bi Mwajuma alinipiga kikumbo akashika kipaza sauti kwa mikono miwili: "Andikeni Kasingirima!"

Vigelegele vilivyolia pale ndugu zangu, sidhani kama Rukia mwenyewe alivipata. Nikanyanyuliwa juu na koti langu na dera langu na miguu iliyovurugika, kwenye picha za harusi wanawake wote wana maua na mimi nina matope, na mimi ndiye ninayecheka kuliko wote.

Makala imetoka. Waandishi wenzangu kwenye toleo lile wana majina ya vyuo vyao chini, na chini ya langu pameandikwa Kasingirima, Ujiji. Nimeisoma nikakuta nukta moja imekaa vibaya, na bado usiku ule nililala usingizi.

Nimeapa mawili. La kwanza, simu yangu haitaunganishwa tena na spika ya mtu, hata iwe ya harusi yangu. La pili mtalisikia mkipita mtaani kwetu asubuhi, maana Bi Mwajuma hajaniachia: kila siku anapanda juu ya tofali, anachungulia ukutani na kupaza sauti, "Profesa! Chuo kinaendaje?"

Nami nampazia yangu, watu wote wasikie: "Sina chuo, Bi Mwajuma!"

"Haya," anasema, "tunamshukuru Mungu!"