Kifutio cha Baba

Juzi mchezo wa binti yangu ulikwama tena. Niliifungua kompyuta, nikachomoa kibao cha memori, kile cha kumbukumbu, nikashika kifutio cha shule ili nikisugue.

Wakati wa vita, nilipokuwa mtoto, kompyuta yetu pale Kindu ilinuka mazutu, dizeli ya jenereta. Baba aliandika humo majina ya majirani waliovuka mto Lualaba wasirudi. Mchezo wangu ulipokwama, niliamini wao ndio wanaoushika. Alasiri moja baba akaanza kusugua kibao chake cha memori kwa kifutio.

“Baba, unafuta wale bantu, wale majirani?”

“Hapana, mutoto wangu. Hii njo vumbi tu.”

Mchezo ukaenda. Mbwa waliokuwa wakibweka ng'ambo ya mto wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Sasa najua lilikuwa vumbi. Hata hivyo, kabla sijasugua, nilimuuliza binti yangu kama ameandika humo jina la mtu.