Togwa Niliyompa Mdogo Wangu

Admin, nifichie jina, na nawaomba wote msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kucheka. Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina watoto watatu na mgahawa mdogo hapa Musoma, ila kwa kuzaliwa ni mtu wa Buswahili, Butiama. Yule mchezaji wa mpira mliyemsema hapa ukurasani wiki mbili zilizopita, aliyekamatwa Bunda akidaiwa kuendesha gari amelewa, ni mdogo wangu wa tumbo moja. Jina lake mnalijua, mimi silitaji.

Mlicheka sana. Nilisoma maoni yote huku maharage yangu yakiungua jikoni. Aliwaambia askari kwamba hajawahi kuonja pombe na siku ile alikunywa togwa tu, ile ya ulezi isiyolevya, mtu akamrekodi, na tangu hapo nchi nzima imepata mchezo. Watangazaji wa michezo wanaagiziana togwa redioni. Vijana wa bodaboda wanaitana Togwa. Mmoja wenu aliandika kwamba hela za usajili zilimlewesha kabla ya pombe. Hata waliomtetea waliomba akiri tu yaishe, maana kinachowaudhi ni uongo. Mgahawani nilikuwa nimetundika picha yake akiwa na jezi. Mteja mmoja akaniagiza ugali na sato, halafu akaongeza nimletee na togwa ya yule pale ukutani. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Kesho yake niliitoa picha nikaificha nyuma ya magunia ya unga.

Sasa niwaambie mnachokicheka. Baba yetu alifariki mwaka jana, na pombe ndiyo iliyomuua, ini liliharibika mpaka tumbo likajaa maji. Mdogo wangu alimuapia baba pale kitandani kwamba hataigusa pombe maisha yake yote, na hakuigusa. Siku ile aliyokamatwa tulikuwa tunamaliza matanga ya baba kijijini. Kwenye ukoo wetu, siku hiyo kila mtoto wa kiume anakunywa pombe ya ulezi kwenye kibuyu cha marehemu mbele ya watu. Asiyekunywa anahesabiwa amemkataa baba yake. Mdogo wangu aligharamia kila kitu, ng'ombe mpaka maturubai, ila kwa pombe akasema wasimtafute. Baba mdogo akakasirika, akasema basi shughuli imeishia hapo. Wageni wameshakaa, nyama inapoa, na watu wameanza kunong'onezana.

Mimi ndiye mtoto mkubwa, na kuzuia mambo yasiharibike ndiyo kazi yangu tangu utotoni. Mdomo ninao na ujanja ninao. Nikamwambia baba mdogo aniachie, mtoto atakunywa. Nikachukua kibuyu cha baba, nikatia pombe nusu, togwa nusu, na sukari nyingi, nikakoroga. Kisha nikamwambia mdogo wangu kwamba wazee wamekubali anywe togwa. Jamani, alifurahi. Alikunywa mbele ya watu wote, wanawake wakapiga vigelegele. Akaninong'oneza kwamba togwa yangu imechacha kidogo, nikamtania kwamba mjini wamemharibu ulimi. Akacheka, na kwa kuwa nimeitengeneza mimi, akaomba nimwongeze. Nikamwongeza. Saa tisa mchana akaingia kwenye gari awahi ndege Mwanza. Nilimwona akikosa tundu la ufunguo mara mbili. Nikajiambia ni uchovu wa msiba, nikampungia mkono.

Alipofika Bunda akalipita lori mahali pasiporuhusiwa, askari wakamsimamisha, wakampulizisha kile kifaa chao cha kupima ulevi. Namshukuru Mungu hakugonga mtu. Angegonga, huyo mtu ningekuwa nimemgonga mimi.

Siku ya pili alinipigia. Hakulalamika, aliniuliza kwa sauti ya chini. "Dada, wewe unanijuaga. Mimi sinywagi. Ile ilikuwa togwa, si ndiyo?"

Nikamwambia, "Ilikuwa togwa."

Nilimsikia akishusha pumzi. Akasema basi kile kifaa ni kibovu, na atapambana mpaka mwisho.

Klabu imemsimamisha. Wamempa nafasi moja ya kujitetea mbele ya kamati yao, aje na shahidi mmoja, na amenitaja mimi. Ni Jumanne ijayo. Baba mdogo anasema nishikilie togwa, ukoo usiaibike. Mume wangu anasema niseme ukweli hata kama klabu haitanisikia, maana watadhani familia tumepanga. Nikisema togwa, mtoto wa watu atafukuzwa kazi huku anaapia uongo wangu. Nikisema ukweli, atajua kwamba kiapo chake nilikivunja mimi, kwa mkono wangu, kwenye kibuyu cha baba huyohuyo aliyemuapia. Huyu nilimbeba mgongoni mama akiwa shambani. Sijui kama ataniita dada tena, na hilo linanitisha kuliko kamati na kuliko matusi yenu yote.

Nyinyi mnaamini anadanganya. Aliyebaki kuamini kwamba ilikuwa togwa ni yeye peke yake, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia. Jana amenitumia nauli na ujumbe mfupi: "Dada usiogope. We sema tu ulichonipa."

Nauli sijaitoa kwenye simu mpaka sasa. Mlimcheka yeye, sasa nisaidieni mimi. Jumanne atakuwa amekaa pembeni yangu ananiangalia. Nifanye nini, jamani?