Nimevifuta vigelegele vya harusi ya dada

Leo nusura dada yangu akose mume kwa kidole changu.

Harusini Kombani, fundi wa spika ni mimi, nani mwingine? Simu yangu, niliyoiunganisha na spika, huchambua kelele yoyote: sauti nene huku, nyembamba kule.

Nikaona kwenye skrini wimbi la sauti nyembamba limechomoza. Nikadhani spika inapiga filimbi. Nikalikata.

Kumbe ni vigelegele vya kina shangazi kwenye maiki!

Huko barabarani, watu wa bwana harusi wakasikia ngoma tupu. Mzee wao akang'aka, "Hatukupokewa kwa vigelegele. Turudini!"

Shangazi akanijia mbio. "We mwana, wataka dadako aachwe?"

Simu nayo ikaganda.

Nikanyakua maiki, nikapiga kigelegele mwenyewe. Sauti yangu nene ikapita!

Wakaingia wakicheka.

Aliyenirekodi afute, tafadhali.