Timu ya Bukiriro

Juzi mpwa wangu alishusha mtandaoni geimu ya zamani ya mpira. Akaniita, "Mama mdogo, hii Bukiriro si kwa bibi?" Nikasogea. Chini ya timu za Ulaya imeandikwa Bukiriro. Timu hiyo niliiona mara ya mwisho nikiwa shule ya msingi, na nilijua imekufa.

Ngoja nikueleze, ndugu yangu. Miaka ile ya wakimbizi, jirani yetu, mzee wa Kiislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani kuja kufanya biashara, alikuwa na duka pale senta, lenye jenereta na kompyuta. Mwenye kuijua kompyuta hiyo alikuwa kijana wa Kirundi kutoka kambini. Asubuhi alichapa barua za watu. Sisi tukitoka shule, dukani kunanuka dizeli na samaki wakavu, alitufungulia geimu.

Siku moja tukajikuta kwenye skrini sisi ndio wachezaji. Golini kasimama mwalimu wetu wa hesabu na kipara chake. Muuza maziwa ni beki. Mimi, msichana, nacheza namba tisa kwa jina langu. Nilirudi nyumbani nikamuuliza bibi yangu kama mtu anaweza kuwa sehemu mbili. Bibi, huku akichambua maharage, akanijibu kwa Kihangaza chetu, "Kamuulize yule Mrundi. Yeye ndiye yuko sehemu mbili."

Nikaenda. Akanieleza kuwa geimu huja na timu zake, ila anayejua anaweza kuongeza za kwake.

"Nimewaweka nisije nikawasahau," akasema.

"Lakini si tunaonana kila siku?"

Akaenda kuzima jenereta. Haukupita muda, malori yakaanza kuwarudisha watu kwao. Aliondoka bila kutuaga. Kompyuta nayo ikaharibika, na hakuna aliyeweza kuitengeneza.

Sasa mpwa wangu ananiambia wako wapenzi wa geimu za zamani wanaokusanya nyongeza kama ile, wanazifunga pamoja zisipotee. Nikamwandikia mmoja wao. Akajibu kwamba aliipata kwenye boksi la sidii kuukuu alilopewa na mtu, na sidii yenyewe haikuwa na jina la mwenyewe. Ilifikaje huko, wala hajui. Kama yule kijana yu hai, hakuna wa kuniambia. Duka lenyewe limebomolewa, na muuza maziwa nasikia alihamia Nyakahura na ng'ombe wake.

Mpwa wangu akaichagua timu yetu akaanza kucheza. Nikajiona nakimbia, mimi mwenye magoti mabovu. Tukafungwa, tukafungwa tena.

"Kipa wenu mbovu, mama mdogo."

"Huyo tulishamzika," nikamwambia.

Akasimamisha mchezo, akanigeukia. "Kwa hiyo nimtoe?"