Kadi ya kamera ya baba imefunguka leo

Jamani, leo nimewaona ng'ombe wetu wote, hadi waliokwisha kufa. Watu, hakuna!

Jumapili tuna misa ya kumkumbuka marehemu baba, na mama anataka picha yake. Picha zote ziko kwenye kadi ya kamera yake ya zamani. Kompyuta yetu hapa Katandala ni ile ya zamani yenye kisogo, haina pa kuchomeka kadi.

Nikaenda mjini kutafuta kadirida, kile kifaa cha kusomea kadi.

"Chukua hii ya kisasa, mshikaji," muuzaji akaniambia.

Inang'aa kweli, ila ncha yake haiingii kwenye tundu la USB la kompyuta yetu. Nyingine ingeingia, lakini inasoma kadi ndogo za simu tu. Nikachagua ile nene, mbaya kuliko zote. Muuzaji alinionea huruma.

Nyumbani ikasoma papo hapo! Mama akavaa miwani, akasogea.

Ng'ombe.

Ng'ombe mwingine.

Ndama.

Fahali, kakaa kama anapigwa picha ya pasipoti.

"Mama, sisi watoto hatumo hata mmoja?"

"Nyie mlikuwa hamtulii."

Mwishoni kulikuwa na video fupi. Baba haonekani, ila sauti ni yake kabisa:

"Tulia, mwanangu. Angalia huku."

Anaongea na fahali.

Mama alicheka mpaka akatoa machozi. Halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Akaniambia niirudie.

Ameshaamua: Jumapili, baada ya misa, watu wote wataisikia sauti hiyo.

Sasa nisaidieni. Nani atamweleza padri kwamba huyo "mwanangu" siyo mimi?