Mashine Sita za Jentrix

Mimi nashona nguo mlango wa pili kutoka kwa Jentrix, hapa Kitale, kwa hivyo mtu asiniambie ati Linux haiwezi game. Jentrix alinunua kompyuta sita zilizotupwa na ofisi fulani, kuukuu hata Windows ilikuwa inazilemea. Akazitia Linux, ile programu ya bure ya kuendeshea kompyuta, na vijana wakaanza kupanga foleni wacheze mbio za magari.

Siri yake ilikuwa jasho. Kwenye mashine zake, mchezo ukifunguliwa mara ya kwanza ulikuwa unakwama-kwama, maana kompyuta bado inaandaa picha. Ikishaziandaa inazihifadhi kwenye folda, na mara ya pili gari linateleza. Mchezo ule una barabara ishirini na nne, kila moja na faili yake. Jentrix alizikimbiza zote, mashine baada ya mashine, kabla ya kufungulia wateja. Aliita kazi hiyo kupasha moto. Aliyemfundisha ni mtu mmoja tu: Hesbon, mume wa mdogo wake Viola. Alimkalisha kando yake mwaka mzima, na onyo lilikuwa lilelile.

"Shemeji, ukifuta kitu, tumia ile amri inauliza kwanza. Mkono uko na haraka kuliko akili."

Mwezi wa nane Pauline, anayeandaa mashindano ya game kule Bungoma, alikuwa anatafuta mashine za kutumia mwaka mzima. Linux hakuiamini. Jentrix akamwambia atazileta azijaribu mwenyewe. Alizipasha moto siku mbili, kisha yeye na Hesbon wakazibeba hadi Bungoma.

"Shem, si uende ukunywe chai," Hesbon akamwambia asubuhi ile. "Waya nitaunganisha."

Akaenda. Hata mimi ningeenda.

Pauline akaketi, akachagua barabara, akabonyeza. Gari likakwama, likaruka, likakwama tena. Ile nambari ya kasi ya picha pembeni mwa skrini ilianguka kutoka sitini hadi tisa. Watu wakacheka.

"Si nilisema?" Pauline akasema. "Hii ni ya kuandika barua, bana."

Jentrix alirudi Kitale akijilaumu. Wiki mbili baadaye tukasikia mashindano yamepewa ukumbi mpya wa Kiminini, na mwenye ukumbi ni Hesbon. Asante ya punda ni mateke, lakini angalau punda hakutumi chai kwanza.

Jentrix bado alimtetea. "Labda ni bahati yake tu," aliniambia. Mashine zenyewe hakuwa amezigusa tangu siku ile, kwa aibu. Nikamlazimisha awashe ile ya Pauline. Kwenye folda ya picha tukakuta faili moja, ya barabara aliyoijaribu Pauline. Zile mashine nyingine tano hazikuwa na hata moja.

Linux huweka kumbukumbu ya amri zilizoandikwa. Jentrix akaifungua, na amri ya mwisho ilikuwa ya kufuta. Nilimtukana Hesbon mpaka wateja wangu wakachungulia. Jentrix akaweka kidole kwenye herufi moja ndogo katika amri ile.

"Ametumia ile inauliza," akasema. "Vile nilimfundisha."

Kwa kila faili kompyuta ilikuwa imemuuliza, nifute? Shemeji alijibu ndiyo mara ishirini na nne, kisha akahamia mashine ya pili.